Ndege ya mupunga ni nani? Kuwajua kapusini kabla ya kuwafukuza

Mpunga unapoanza kutoa masuke katika mashamba ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, kazi moja inaongezeka nyumbani: kuchunga ndege. Tangu alfajiri watoto wanasikika shambani wakipiga makopo, wakirusha mawe kwa kombeo na kupaza sauti. Wengine wanakaa huko mpaka giza linaingia, na nafasi yao shuleni inabaki wazi. Mzazi akiulizwa, jibu ni fupi: "Ndege banamaliza mupunga."

Hakuna anayebisha kwamba ndege wanakula mpunga. Lakini ni ndege gani? Wanakula siku zipi, saa ngapi, na kiasi gani? Kwa watu wengi, kila kidege kinachoruka kutoka kwenye masuke ni "ndege ya mupunga", basi. Kumbe ndani ya jina hilo moja mna ndege wa namna mbalimbali. Kila mmoja ana tabia yake, na hasara anayoleta si sawa na ya mwenzake. Mkulima anayewatofautisha anajua siku za kulinda kwa nguvu na siku za kupumzika. Anaweza pia kujua kama kuna sababu ya kweli ya kumtoa mtoto darasani.

Makala hii inaeleza hasa kundi moja dogo la ndege hao: wale wadogo wenye kichwa cheusi na tumbo jeupe, wanaokaa karibu na watu, vijijini na hata ndani ya mji.

Masista wadogo wenye kichwa cheusi

Kikusu, Kizimba, Kibangubangu na lugha nyingine za kwetu zina majina yao kwa ndege wa shambani. Kwa Kifaransa ndege hawa wanaitwa capucins, na hapa tutawaita kapusini. Jina hilo linatoka kwa watawa wa Kanisa Katoliki wanaovaa kanzu yenye kofia kubwa ya kufunika kichwa. Yule anayeonekana zaidi anaitwa kwa Kifaransa capucin nonnette, maana yake ni kama kusema sista mdogo. Anayemtazama ataelewa mara moja: kichwa, koo na kifua ni vyeusi, sawa vile amejifunika kitambaa, na tumbo ni jeupe safi.

Wataalamu wa viumbe wanamwita Spermestes cucullata. Jina la pili linamaanisha "mwenye kofia". Jina hilo alilitoa Mwingereza William Swainson mwaka 1837, na jenasi yenyewe, yaani ukoo mdogo wa viumbe vinavyokaribiana sana, aliiita Spermestes mwaka huohuo. Neno hilo limetengenezwa kwa Kigiriki, na maana yake ni mla mbegu.

Kapusini huyo ana urefu wa sentimeta 9 hivi, kutoka ncha ya mdomo mpaka ncha ya mkia. Uzito wake ni gramu 9 au 10. Mgongo wake ni wa rangi ya kahawia, na penye bega kuna doa la kijani linalong'aa jua likilipiga. Ubavuni ana mistari midogo. Watoto wake hawafanani naye: wao ni wa kahawia tupu, bila kofia nyeusi. Ndiyo maana watu wengine wanafikiri ni ndege wa aina nyingine wanaotembea na kundi.

Jenasi hii ni ndogo kweli. Katika hesabu inayotumiwa na wataalamu wengi ina ndege wa aina 4 tu. Wa kwanza ni huyo mwenye kofia. Wa pili ni kapusini wa rangi mbili, Spermestes bicolor, ambaye ni mweusi wa kung'aa juu na mweupe chini, na mdomo wake una rangi ya majivu ya bluu. Yeye anapenda pembeni ya msitu na mashamba yaliyofunguliwa msituni. Wa tatu ni kapusini mkubwa, Spermestes fringilloides, mwenye mdomo mnene kuwapita wenzake. Huyo haonekani mara nyingi, na anajulikana kwa kupenda mbegu za mianzi. Wa nne, Spermestes nana, anaishi kisiwani Madagascar peke yake. Ni mdogo kabisa, na badala ya kofia ana doa jeusi chini ya mdomo tu.

Kwa muda mrefu vitabu vingi viliwachanganya hao wote na ndege wa Asia katika jenasi moja kubwa iitwayo Lonchura. Baadaye uchunguzi wa DNA ulionyesha kwamba hawa wa Afrika na Madagascar wana tawi lao wenyewe. Hivyo wakarudishiwa jina lao la zamani.

Ndugu zao ni akina nani

Kapusini ni wa familia ya Estrildidae. Hiyo ni familia ya ndege wadogo wala mbegu wanaopatikana Afrika, Asia ya kusini, Australia na visiwa vya huko. Ndani ya familia hiyo wamo wale videge wenye mdomo mwekundu wanaookota mbegu uani, na wale wa rangi nyekundu wanaoruka chini karibu na nyumba. Katika misitu ya Congo kuna ndugu wengine wanaoitwa Nigrita, nao pia ni aina 4. Wao hawashughuliki na mpunga. Chakula wanachokipenda ni nyama ya ngazi, ile sehemu ya nje ya tunda la mchikichi yenye mafuta.

Ndugu mwingine, yule wa Australia mwenye mistari sawa punda milia, amekuwa maarufu katika maabara za dunia. Wataalamu wanamtumia kuchunguza jinsi ubongo unavyojifunza sauti, kwa kuwa dume mchanga anajifunza wimbo kwa kumsikiliza mkubwa, karibu sawa vile mtoto wa mtu anavyojifunza lugha. Ramani ya vinasaba vyake ilitangazwa mwaka 2010. Kapusini naye yuko katika kundi hilohilo la ndege waimbaji, hata kama wimbo wake ni mdogo sana na mtu aliye mbali hausikii.

Familia hii ina alama nyingine ambayo wengi hawajawahi kuiona. Kinda akifungua mdomo, ndani mna madoa na mistari ya pekee. Wazazi wanalisha mdomo wenye alama wanazozijua. Kuna ndege wengine, wale madume wenye mkia mrefu mweusi wanaorukaruka juu ya majike wakati wa mvua, ambao hutaga mayai yao katika viota vya ndugu za kapusini. Makinda yao yana mdomo uliochorwa kufanana na wa makinda wa mwenye kiota. Mama wa watu analea bila kujua.

Nyumba ya majani, usingizi wa kubanana

Ni rahisi kutofautisha kiota cha kapusini na kile cha ndege wa manjano wanaoshona viota kwenye michikichi. Wale wa manjano wanasuka kabisa: kiota kinaning'inia sawa kikapu, na mti mmoja unaweza kubeba makumi ya viota, na kelele yake inasikika kijiji kizima. Kapusini hasuki. Anakusanya majani makavu na kuyarundika mpaka yanakuwa mviringo, na mlango anauweka ubavuni. Kiota hicho utakiona katika mchungwa, katika mwembe, au chini ya paa la nyumba. Pengine anaingia katika kiota cha zamani kilichoachwa na wasukaji.

Jike anataga mayai meupe, kwa kawaida 4 mpaka 6. Mume na mke wanasaidiana kuyaatamia kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha makinda wanakaa kiotani karibu wiki tatu. Mwaka wenye mvua nzuri na majani mengi, wanaweza kuzaa zaidi ya mara moja. Ndiyo sababu kuua kapusini 20 leo hakupunguzi kundi la msimu ujao. Mbegu zikiwepo, nafasi zitajazwa.

Usiku kundi zima linaingia katika kiota kimoja na kulala kwa kubanana. Uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini umeonyesha kwamba kulala hivyo kunawapunguzia matumizi ya nguvu wakati wa baridi. Ndege wa gramu 10 hana akiba kubwa mwilini. Akiamka ni lazima ale, na kabla ya kulala ni lazima ale tena. Neno hili ni la kukumbuka, kwa kuwa ndilo linalotoa saa za kulinda shamba.

Mpunga ulimkuta ndege hapa

Wazee wengi wa Kasongo wanajua kwamba mpunga si mmea wa asili wa Maniema. Uliletwa karne ya 19 na wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, waliofuata njia ya kutoka Zanzibar kupitia Tabora na Ujiji mpaka mto Lualaba. Mwaka 1871, David Livingstone alipofika Nyangwe, wafanyabiashara hao walikuwa wamekwisha kukaa huko. Hamed bin Muhammed, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake makubwa. Biashara ya pembe na ya watumwa iliacha majeraha mazito katika nchi hii. Pamoja na hayo ilibaki lugha ya Kiswahili, na ulibaki wali kwenye sahani. Jeshi la Leopold II lilipouteka mji wa Kasongo mwezi wa Aprili 1893, lilikuta mji mkubwa uliozungukwa na mashamba. Baadaye serikali ya Wabelgiji ililazimisha wanakijiji kulima mpunga na pamba, na aliyekataa alipata adhabu. Leo hakuna wa kumlazimisha mtu: mpunga ni chakula cha nyumbani na ndio pesa ya minerval, ya dawa na ya nguo.

Kapusini hakusafiri na mpunga kutoka pwani. Yeye alikuwepo tangu zamani, akila mbegu za majani ya pori kando ya mito na penye mashamba yaliyopumzishwa. Mpunga nao ni jani, hata kama ni jani kubwa lenye mbegu nono. Watu walipoanza kuusimamisha shamba baada ya shamba, waliweka meza mbele ya ndege aliyejua tayari kula chakula cha namna hiyo.

Huko Zanzibar, ambako njia ya mpunga ilianzia, kuna ndugu wa kapusini ambaye kweli aliletwa na watu. Anatoka Java, Indonesia, na jina lake la kitaalamu, oryzivora, maana yake ni mla mpunga. Aliletwa kama ndege wa kufugwa kizimbani, akatoroka, akazaa. Hakuwahi kufika bara mpaka Maniema. Cha ajabu, kwao Java na Bali amekamatwa sana kwa ajili ya kuuzwa mpaka amekuwa adimu. Ndege aliyeitwa adui wa mpunga sasa anatafutwa ili alindwe. Kapusini wa Afrika hajafikia hapo, na aina zote 4 bado hazihesabiwi kati ya zile zilizo hatarini kupotea.

Hesabu ya shamba

Sasa, ndege huyu anakula kiasi gani? Hesabu inaweza kufanywa bila mashine. Ndege mla mbegu mwenye uzito wa gramu 10 anakula takriban gramu 2 mpaka 3 za mbegu kavu kwa siku. Punje 1,000 za mpunga zina uzito wa gramu 25 hivi. Basi kapusini akila mpunga peke yake, bila kitu kingine, anamaliza kama punje 100 kwa siku. Hiyo ni karibu na suke moja zuri.

Chukua kundi la kapusini 50 wanaokuja kila siku kwa siku 30, kuanzia maua yanapomalizika mpaka mavuno. Watakula kilo 4 kasoro kidogo. Lakini kuna siku mbaya zaidi. Katika siku 10 za kwanza punje bado ni maziwa. Ndege anaibana kwa mdomo, ananyonya maji meupe, anaacha ganda tupu. Kwa kuwa punje ya maziwa haishibishi, inambidi abane nyingi zaidi. Mtu akiongeza hasara ya siku hizo mara tatu, hesabu inafika kilo 6 na kidogo.

Shamba la ares 25, mahali ambapo hekta moja inatoa kilo 800, linatoa kilo 200. Kilo 6 ndani ya kilo 200 ni kilo 3 katika kila 100. Ni hasara, na mama anayepima mpunga kwa kopo anaijua. Lakini si "kumaliza mupunga".

Wasukaji wa manjano ni jambo lingine. Mmoja wao ana uzito wa kapusini wanne, na anaweza kula karibu sawa na kapusini watatu. Kundi la 200, ambalo michikichi michache inaweza kulibeba, likija kila siku na kula mpunga tu, litamaliza zaidi ya kilo 40 kwa mwezi. Katika shamba lilelile la kilo 200, hiyo ni zaidi ya moja ya tano ya mavuno. Yupo pia ndege mwingine wa makundi, yule ambaye dume lake lina kichwa chekundu wakati wa kuzaa, Quelea erythrops. Jenasi yake ina aina 3 tu, na ndugu yake mwenye mdomo mwekundu ndiye anayesumbua sana Tanzania na Kenya, ambako anatembea kwa mamia ya maelfu. Hao wote, wasukaji na wenye kichwa chekundu, ni wa familia nyingine, si ndugu wa karibu wa kapusini.

Hesabu hii ni mfano, si kipimo cha kila shamba. Hakuna ndege anayekula mpunga peke yake siku zote. Kapusini anakula sana mbegu za majani yanayosumbua shamba, na kumbikumbi wakitoka anakula kumbikumbi. Wakati ambapo mpunga haujatoa masuke, au ukiwa umekwisha kuvunwa, yeye anapunguza mbegu ambazo mkulima angezipalilia msimu unaofuata. Lakini mfano unasaidia kujua nani wa kuogopwa. Kabla ya kulaumu, mkulima asimame pembeni ya shamba asubuhi moja na kuangalia: ni weusi wadogo wanaoning'inia kwenye suke bila kulivunja, ama ni manjano wakubwa wanaoinamisha mabua?

Siku za kulinda ni chache kuliko inavyodhaniwa

Kutoka maua mpaka mavuno, mpunga unatumia takriban siku 30. Kabla ya masuke kutoka, ndege hana cha kula humo. Watoto wanaopelekwa shambani mpunga ukiwa bado majani tu wanapoteza masomo bure. Siku za kulinda kwa nguvu zote ni zile za maziwa, ambazo ni wiki moja na nusu hivi. Baada ya hapo punje zinakuwa laini sawa ugali, kisha zinakauka. Ndege wanaendelea kuja, lakini kila punje inamshibisha zaidi na hasara inapungua.

Katika siku hizo pia si saa zote ni sawa. Ndege anaamka na njaa, kwa hiyo anakula kwa bidii tangu jua linapochomoza mpaka kama saa tatu asubuhi. Jua likiwa kali anapumzika kivulini. Anarudi kama saa tisa alasiri na kula mpaka karibu na magharibi, ili alale ameshiba. Anayelinda kwa nguvu saa za mchana na kuchelewa kufika asubuhi analinda shamba wakati ambao wezi wamelala.

Shida ni kwamba saa za asubuhi ndizo saa za shule. Njia inayowezekana ni wakubwa wa nyumba washike zamu ya asubuhi katika zile siku 10 za maziwa. Mtoto anayesoma asubuhi anaweza kusaidia alasiri akishatoka darasani. Na mashamba yakiwa yanapakana, haina lazima kila nyumba iweke mlinzi wake. Nyumba 10 zikigawana siku, kila nyumba inalinda siku moja tu katika siku 10, watu wawili wawili, sawa vile likelemba ya pesa inavyozunguka. Hapo hakuna mtoto anayekosa mtihani juu ya ndege.

Jambo kubwa kuliko yote linafanyika miezi kadhaa mapema, siku ya kupanda. Shamba moja linalotoa masuke peke yake, wiki tatu kabla ya mengine, linaita makundi yote ya karibu. Mashamba 20 yakiiva pamoja, ndege walewale wanagawanyika, na kila mkulima anapoteza kidogo. Kwa hiyo majirani wakikubaliana kupanda ndani ya wiki mbili zilezile, na mbegu za aina inayoiva pamoja, wamekwisha kupunguza hasara kabla hata ya kushika kombeo.

Kuna mambo mengine madogo yanayosaidia:

Kupalilia mapema, na kukata majani marefu pembeni ya shamba. Majani yenye mbegu yanawaita kapusini kabla ya mpunga kuiva, na vichaka vinawapa mahali pa kujificha wakifukuzwa.

Kubadilisha vitisho. Sanamu ya mtu iliyosimama mahali pamoja inaogopwa siku tatu, kisha ndege wanatua begani mwake. Mkanda wa kaseti ya zamani uliofungwa kati ya miti unalia kwa upepo na kumetameta. Makopo yaliyounganishwa kwa kamba yanaweza kuvutwa na mtu mmoja aliyekaa kivulini. Lakini kila kimoja kihamishwe mara kwa mara.

Kuchagua mbegu. Mpunga wenye ndevu ndefu unawasumbua ndege kula, hata kama hauwazuii kabisa.

Kuvuna kwa wakati. Mpunga ulioiva na kuachwa wiki mbili shambani unalisha ndege na panya, na punje zinaanguka zenyewe.

Wengine wanafunika kipande cha mbegu kwa chandarua cha mbu. Kile kilichochakaa na kutobokatoboka hakina tatizo. Lakini chandarua kizima kazi yake ni kitandani, kumkinga mtoto na malaria. Kukitoa kitandani ili kuokoa kilo chache za mpunga ni kupoteza kikubwa kwa kidogo.

Sumu haichagui

Kuna mkulima anayechoka, akachanganya dawa ya wadudu na nafaka na kuitandaza shambani. Asubuhi anakuta ndege wamelala chini na anafurahi. Lakini sumu hiyo haimjui kapusini. Kuku wa jirani wanaila. Mwewe na bundi wanaokula ndege waliokufa wanakufa pia, na bundi ndiye anayepunguza panya wa ghalani. Mvua inaibeba mpaka mtoni, kwenye samaki na kwenye maji ya kunywa. Na watoto, ambao siku zote wanaokota ndege na kuwachoma, hawawezi kujua kama huyu alikufa kwa jiwe ama kwa sumu.

Hata serikali zenye ndege za kunyunyizia dawa hazijamaliza tatizo kwa njia hiyo. Tanzania na Kenya zimenyunyizia kwa miaka mingi makundi ya yule Quelea mwenye mdomo mwekundu. Makundi yanaendelea kurudi, na dawa inaua pia viumbe ambavyo havikukusudiwa. Kwa kapusini, ambao wametawanyika katika vikundi vidogo kila mtaa na kila kijiji, sumu haina faida yoyote ya maana.

Wakulima wa Kasongo na Kabambare wana shida kubwa kuliko kidege cha gramu 10: barabara mbovu, bei ya mpunga inayoshuka wakati wa mavuno, usalama ambao si wa kutegemewa kila mahali. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kutotumia nguvu za nyumba nzima, na mwaka wa masomo wa mtoto, kupigana na ndege asiye na hatia kubwa. Kabla ya kupanda, majirani wakae wapange tarehe. Masuke yakitoka, wahesabu siku 10 na wagawane zamu za asubuhi. Na kama michikichi ya karibu imejaa viota vya manjano, macho yaelekee huko kwanza.

Kapusini watakuwepo bado, chini ya paa na katika mwembe. Watachukua masuke yao machache, kisha watarudi kwenye mbegu za majani ambazo hakuna mtu anayezihitaji.